Kumtafuta babu Unguja: jinsi ya kuomba kusoma nyaraka za Zanzibar ukitokea Mbeya

Kyela na Rungwe zipo familia zinazosimulia ndugu aliyechukuliwa utumwani kwenda pwani, akapotelea Unguja. Nyaraka za kumtafuta zimehifadhiwa kwenye ofisi ya nyaraka za Zanzibar, iliyopo Kilimani.

Anza kwa bibi. Andika kila jina analokumbuka, hata la utani, maana hizi Mwa- za majina yetu ya ukoo mara nyingi hazikuvuka bahari. Kule mtu wa upande wa Ziwa Nyasa aliitwa Mnyasa tu, akabandikwa jina kama Baraka, Feruzi au Mabruki. Ukiomba faili la Mwa-fulani utamaliza nauli bure.

Kisha fuata barua ya utambulisho kwa mwenyekiti wa mtaa, ipite kwa mtendaji wa kata. Angalia muhuri usomeke! Wangu wa kwanza uligongwa nusu nje ya karatasi, nikarudishwa. Ambatisha nakala ya kitambulisho cha NIDA.

Barua ya maombi iwe fupi, ila itaje miaka: "Naomba kusoma kumbukumbu za watu walioandikwa huru Unguja kati ya 1897 na 1909. Namtafuta kaka wa babu yangu, mtu wa Ziwa Nyasa."

Miaka hiyo ina sababu. Zanzibar iliingia chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890, na tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed akatia saini amri ya kufuta utumwa kisheria. Lakini hakuna aliyefunguliwa mlango akaambiwa nenda. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kudai uhuru wake, bwana alipwe fidia; masuria waliachwa nje hadi 1909. Uonevu mtupu, ila palipo na fidia pana karatasi, na karatasi hutaja majina ya wote wawili.

Kama babu alikwenda baadaye kuchuma karafuu akilipwa kwa kila pishi aliyojaza, omba mafaili ya vibarua na mashamba.

Kabla ya kukata tiketi stendi ya Nanenane, piga simu uulize ada na siku za chumba cha kusomea. Beba penseli, kalamu ya wino iache. Ukikutana na herufi za Kiarabu usikate tamaa: mara nyingine lugha ni Kiswahili hichohicho, mwalimu wa madrasa atakusomea.

Ukipata jina la bwana na la shamba, funga daftari. Wengi walioachwa huru walibaki palepale wakilima. Panda daladala hadi huko, ukamwulize sheha wa hapo, yaani kiongozi wa serikali wa eneo hilo.