Kuzeesha picha ya simu ifanane na picha ya albamu ya miaka ya 1970

Wengi wanaotaka picha yao ionekane ya zamani huipaka rangi ya kahawia, wakaimwagia mikwaruzo kila pembe, wakaridhika. Haidanganyi jicho. Picha huzeeka kwa sababu maalumu: rangi zimechuja, mtu ameikunja, unyevu umeingia, vidole vimeishika palepale miaka nenda miaka rudi. Amua kwanza ni ya mwaka gani na ilitunzwa wapi. Hapa nachukua picha ya arusi na kuifanya kama iliyosafishwa mwaka 1974 ikakaa kabatini. Natumia GIMP, programu ya bure; majina ya menyu nayaacha kama yalivyo kwenye skrini.

Hiyo kahawia, kwanza, iache. Ni ya picha nyeusi na nyeupe, na mara nyingi ilitokana na dawa iliyogeuza fedha ya kwenye karatasi kuwa salfaidi ya fedha ili picha idumu. Picha ya rangi ya enzi hizo huelekea wekundu, kwa kuwa ikikaa gizani rangi ya sayani (buluu-kijani, inayozuia wekundu) ndiyo hutangulia kuchuja.

1. Chagua na ukate. Simu mkononi au televisheni bapa ukutani vinaharibu kila kitu, kwa hiyo vikate. Uwiano wa sentimita 9 kwa 13 unafaa, au mraba.

2. Mpaka mweupe. Nenda Image, Canvas Size, ongeza upana na urefu, bonyeza Center. Kwenye Resize layers chagua All layers, na Fill with iwe White. Fanya hivi mapema, ili mpaka uzeeke pamoja na picha.

3. Punguza makali. Gaussian Blur ya pikseli 1 au 2 inatosha kuondoa ule ukali wa simu.

4. Rangi. Hapa ndipo kazi ilipo, usiharakishe. Nakili leya (tabaka la picha) kwa Ctrl+Shift+D, kisha fungua Colors, Curves. Kwenye Value, shika ncha ya chini kushoto uipandishe hadi karibu sehemu ya sita ya kimo cha kisanduku. Weusi wote utageuka kijivu, na ndivyo inavyotakiwa, maana picha iliyochuja haina weusi wa makaa. Ncha ya juu kulia ishushe kidogo tu. Hamia Red, uinue mstari upande wa kushoto, yaani kwenye vivuli. Sayani ilikuwa nyingi vivulini, kwa hiyo pengo lake huonekana hukohuko: suti nyeusi ya bwana arusi inapata wekundu wa damu ya mzee, shela inabaki karibu nyeupe. Mwisho, Blue, shusha ncha ya juu kulia hadi shela na ule mpaka mweupe viwe na umanjano wa maziwa ya mtindi. Ukipaka wekundu sawasawa picha nzima, itafanana na picha iliyopigwa chini ya taa nyekundu.

5. Chembechembe. Filters, Noise, RGB Noise. Ondoa alama kwenye Independent RGB, la sivyo utapata vidoti vya rangi ambavyo ni vya kamera mbovu ya kidijitali, si vya filamu.

6. Mikunjo. Usipakue iliyotengenezwa tayari. Kila mtu anaitumia ileile. Chukua jalada la gazeti lililochapwa weusi mtupu, likunje, lifinyange, lipige picha karibu na dirisha. Panapovunjika wino, karatasi nyeupe hujitokeza, sawa kabisa na inavyotokea kwa picha halisi. Ilete juu kama leya, hali yake iwe Screen: weusi unatoweka, mistari myeupe inabaki. Kwa madoa, piga karatasi kuukuu yenye alama ya chai, uiweke Multiply.

7. Futa. Weka Layer Mask (kinyago cha kuficha sehemu za leya) kwenye leya ya mikunjo, chukua brashi nyeusi laini, uondoe michirizi machoni na mdomoni mwa maharusi. Ziache pembe na katikati, panapokunjwa picha ikitiwa mfukoni.

Hifadhi kazi kama XCF, faili la GIMP lenyewe linalotunza leya zote, kisha toa JPEG yenye neno "imezeeshwa" kwenye jina la faili. Nalisisitiza hili: picha hizi husambaa kwenye makundi ya WhatsApp, na familia inastahili kujua ipi ni kumbukumbu na ipi ni pambo. Kabla ya kumpa mteja, chapa kopi moja kwa ukubwa uleule wa 9 kwa 13, kwani mikunjo inayotisha kwenye skrini huweza kufifia karatasini, na itabidi uongeze Opacity, yaani uzito wa leya yake.