Namna ya Kuwalinda Ng'ombe Waliotelekezwa Mitaani India

Sensa ya mifugo ya mwaka 2019 ilihesabu nchini India ng'ombe wa mitaani wapatao milioni 5, na majimbo ya Rajasthan na Uttar Pradesh ndiyo yaliyoongoza. Wahindu humwita ng'ombe mama, lakini mfugaji ambaye ng'ombe wake amekauka maziwa, au ambaye maksai wake hawana kazi tangu trekta liingie shambani, hapati wa kumuuzia kwa kuwa majimbo mengi yamepiga marufuku uchinjaji, na hapo humfungulia mnyama akajitafutie riziki barabarani. Anayetaka kumlinda mnyama huyo aanze kwa kumchunguza.

Mtazame kwa siku kadhaa kabla ya kumhamisha, kwa sababu wengi wa wanaozurura wana wenyewe, ambao huwakamua alfajiri na kuwaachia mchana wale jalalani. Angalia kama ana hereni ya sikioni yenye namba za utambulisho, ambayo ofisi ya mifugo inaweza kuitumia kumtafuta mmiliki. Mwenyewe akipatikana, zungumza naye kwa heshima, maana mara nyingi kinachomshinda ni gharama ya malisho.

Jambo linalohitaji uangalifu kuliko yote ni chakula. Nyumba nyingi hutenga chapati ya kwanza kwa ajili ya ng'ombe, na desturi hiyo ni njema, ila mabaki ya jikoni hutupwa yakiwa yamefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, naye ng'ombe humeza vyote pamoja. Plastiki haisagiki wala haitoki. Hujikusanya tumboni mwaka baada ya mwaka, na madaktari wa mifugo wamewahi kupasua matumbo wakatoa makumi ya kilo. Kwa hiyo washawishi majirani watenganishe taka na wasifunge mabaki ya chakula katika mifuko. Anayetaka kulisha atoe majani mabichi au mabua makavu, kwani wali, mikate na nafaka kwa wingi huchacha tumboni, huzalisha asidi na huweza kumuua mnyama kwa muda mfupi. Ng'ombe wa kilo 400 huhitaji takriban kilo 10 za malisho makavu kwa siku, na wakati wa joto kali birika la maji safi kivulini humfaa kuliko sadaka yoyote ya vitafunwa.

Usiku hatari huhamia barabarani, kwa sababu ng'ombe hupenda kulala juu ya lami. Mvike ukanda laini wa shingoni unaong'aa ukimulikwa na taa za gari, uache nafasi ya kupenyeza kiganja, na ukague mikanda ya ndama mara kwa mara, maana hukua haraka na ukanda huweza kuwakaba. Aliyegongwa asiburutwe, mkalishe kifudifudi, akiegemea kifua, ili tumbo lisijae gesi, kisha piga 1962, namba ambayo katika majimbo mengi huita gari la daktari wa mifugo.

Kabla ya kumpeleka katika hifadhi ya ng'ombe, yaani gaushala, itembelee kwanza. Uliza akiba ya malisho ya kiangazi, kama madume yamehasiwa, kama wageni hutengwa kabla ya kuchanganywa na kundi, na kama chanjo za homa ya miguu na midomo na za ugonjwa wa mapele ngozi hutolewa, kwa kuwa mlipuko wa mapele ngozi wa mwaka 2022 uliua maelfu ya ng'ombe Rajasthan na Gujarat. Hifadhi iliyofurika huua polepole, na ni afadhali kumtunza mnyama mtaani kuliko kumsongamanisha humo.

Usimsafirishe bila kibali cha mamlaka na cheti cha daktari wa mifugo, na polisi wajulishwe mapema. Zipo nyakati ambapo makundi ya watu yamewapiga na hata kuwaua madereva waliodhaniwa kupeleka ng'ombe machinjioni, hivyo hakikisha dereva anazo nakala za hati zote mkononi kabla gari halijaondoka.