Namna ya Kusoma Shehena ya Gesi Asilia Inayosafirishwa kwa Meli

Habari za nishati hutuambia mara kwa mara kwamba mahitaji ya gesi asilia yanaongezeka duniani, kisha humwagia msomaji namba zisizofanana: meli hupimwa kwa mita za ujazo, mikataba kwa tani, bei kwa BTU (kipimo cha joto) na mitambo ya umeme kwa megawati. Asiyejua kuhamisha kipimo kimoja kwenda kingine hawezi kutambua kama habari aliyoisoma ni kubwa au ni ndogo, wala hawezi kumuuliza kiongozi wake swali lenye uzito. Mwongozo huu unaeleza namna ya kufanya hesabu hiyo mwenyewe, kwa kalamu na kikokotoo cha simu, kwa kufuata njia moja ya bahari ambayo meli za gesi zimeizoea: kutoka Ras Laffan nchini Qatar hadi Dahej katika jimbo la Gujarat nchini India.

Nimeichagua njia hiyo kwa sababu historia yake iko wazi. Mkataba wa Qatar kuipelekea India tani milioni 7.5 kwa mwaka ulitiwa saini mwaka 1999, shehena ya kwanza ikafika Dahej mapema mwaka 2004, na mwezi Februari 2024 pande hizo mbili zikakubaliana kuendelea hadi mwaka 2048. Aidha, India ni jirani yetu ng'ambo ya bahari, na kampuni zake za umma zina jumla ya asilimia 30 katika mradi wa gesi wa Eneo la Kwanza la bonde la Rovuma, Msumbiji. Bei ambayo kiwanda cha Gujarat kiko tayari kulipa inahusu moja kwa moja gesi iliyoko chini ya bahari yetu, kutoka Cabo Delgado hadi Lindi.

Hakikisha kwanza unazungumzia gesi ipi

Gesi ya mitungi tunayopikia nyumbani ni propani na butani, ambazo hugeuka kimiminika kwa kushindiliwa tu, hata katika joto la kawaida. Gesi asilia kwa sehemu kubwa ni metani, nayo haikubali kuwa kimiminika kwa kushindiliwa peke yake; ni lazima ipoozwe hadi nyuzi 162 za Selsiasi chini ya sifuri. Ikifika hapo, ujazo wake hupungua takriban mara 600, na ndipo inapowezekana kuipakia melini. Hiyo ndiyo gesi asilia iliyosindikwa, ambayo wafanyabiashara huiita LNG, na ndiyo tunayoishughulikia hapa. Magazeti huzichanganya gesi hizi mbili mara nyingi, na hesabu yoyote inayoanza na kosa hilo haitanyooka tena.

Anza na ukubwa wa meli

Meli nyingi za gesi zilizojengwa miaka ya karibuni zina matangi yenye ujazo wa mita za ujazo 174,000. Qatar ina pia meli kubwa zaidi za kundi la Q-Max, zenye takriban mita za ujazo 266,000, ilhali zile za kwanza kutumikia Dahej zilikuwa za 138,000. Kwa mfano wetu tuchukue ile ya 174,000.

Usidhani kwamba ujazo huo wote ni bidhaa. Kwa usalama, matangi hujazwa hadi asilimia 98.5 tu, kwa hiyo meli yetu inaondoka Ras Laffan na mita za ujazo 171,390. Njiani, ijapokuwa matangi yamefunikwa kwa tabaka nene za kuzuia joto, kimiminika huendelea kuchemka taratibu na kutoa mvuke. Kadiria asilimia 0.1 kwa siku kwa meli ya kisasa, na zaidi kidogo kwa meli kuukuu. Mvuke huo haupotei bure, kwa kuwa injini za meli huuchoma kama mafuta, lakini hautafika kwa mnunuzi. Safari ya kwenda Dahej huchukua takriban siku nne, hivyo toa mita za ujazo 686. Mwisho, meli haimwagi kila kitu bandarini: hubakiza kiasi kidogo ili matangi yasipate joto wakati wa kurudi, vinginevyo ingelazimika kuyapooza upya kabla ya kupakia tena. Kadiria asilimia 2 ya ujazo wa matangi, yaani mita za ujazo 3,480. Kinachobaki kwa mnunuzi ni takriban mita za ujazo 167,200.

Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa shehena inayotoka pwani ya Ghuba ya Mexico nchini Marekani na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ya karibu mwezi mzima hadi India. Mvuke peke yake utakula zaidi ya mita za ujazo 5,000. Hapo utaelewa kwa nini umbali ni sehemu ya bei, na pia kwa nini mnunuzi wa Gujarat huipenda Qatar licha ya wasiwasi kwamba kila meli inayotoka Ras Laffan lazima ipite Mlango-bahari wa Hormuz, ambako takriban sehemu moja ya tano ya biashara yote ya gesi hii duniani imekuwa ikipita.

Geuza ujazo kuwa tani, joto na umeme

Uzito wa mita moja ya ujazo ya kimiminika hiki hutofautiana kulingana na chimbuko lake, lakini ukitumia tani 0.45 hutakosea sana. Mita za ujazo 167,200 zinakuwa basi tani 75,000 kwa makadirio. Iweke kichwani namba hii, kwa sababu itakusaidia kila utakaposoma habari za mikataba: tani milioni 7.5 kwa mwaka ni safari 100 za meli kama hii, yaani meli moja kila baada ya siku tatu au nne, mwaka mzima, masika na kiangazi.

Ukitaka kujua gesi itakayoingia katika mabomba baada ya kurudishwa katika hali yake, zidisha mita za ujazo za kimiminika kwa 600. Utapata takriban mita za ujazo milioni 100. Ukitaka joto, ambalo ndilo linalouzwa hasa, zidisha tani kwa 52 upate milioni za BTU. Tani 75,000 zina takriban milioni 3.9 za kipimo hicho, kile cha BTU milioni moja ambacho bei hutajwa kwacho.

Kwa upande wa umeme, tani moja ina nishati ya joto ya takriban megawati-saa 15. Mtambo mzuri unaounganisha tabo (injini ya kuzunguka) ya gesi na ya mvuke hugeuza karibu nusu ya joto hilo kuwa umeme. Meli yetu moja ingeendesha mtambo wa megawati 1,000 kwa nguvu zake zote kwa siku 23 hadi 24. Nchi inayotangaza kwamba itajenga mtambo wa ukubwa huo kwa gesi ya kuagiza inatangaza pia, hata kama haisemi, kwamba italipia meli kama kumi na tano kila mwaka ikiwa mtambo hautazimwa.

Usiisahau bandari

Ghuba ya Khambhat, iliko Dahej, ni mojawapo ya sehemu za dunia ambako maji hujaa na kupwa kwa tofauti kubwa sana, hasa wakati wa bamvua, na marubani wa meli wanapaswa kupanga saa za kuingia gatini kwa kuangalia mikondo. Kusini zaidi, huko Dabhol, tatizo lilikuwa upepo. Kituo cha kupokelea gesi kilianza kazi mwaka 2013 bila ukuta kamili wa kuvunja mawimbi, kwa hiyo kwa miaka mingi hakikuweza kupokea meli katika miezi ya mvua za monsuni, kuanzia Juni. Upepo uliokuwa ukiifunga Dabhol ni ndugu wa kusi yetu, ule uliokuwa ukivijaza matanga vyombo vilivyorejea Uarabuni na Bara Hindi kutoka Unguja na Lamu. Unaposoma kwamba kituo kina uwezo wa tani milioni kadhaa kwa mwaka, uliza kinafanya kazi miezi mingapi.

Uliza pia bomba linalotoka kituoni linaishia wapi. Kituo cha Kochi, jimboni Kerala, kilianza kazi mwaka 2013 kikiwa na uwezo wa tani milioni 5 kwa mwaka, lakini kwa miaka mingi kilitumika kwa sehemu ndogo tu ya uwezo huo, kwa kuwa bomba la kilomita 450 la kwenda Mangaluru halikuzinduliwa hadi Januari 2021. Gati lilikuwepo na matangi yalikuwepo, ila gesi haikuwa na pa kwenda. Uwezo wa kituo si mahitaji ya nchi, na kwa maoni yangu hili ndilo kosa linalorudiwa zaidi katika taarifa za gesi.

Soma bei kwa makini kuliko kitu kingine

Gesi hii huuzwa kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni mkataba wa miaka mingi, ambao bei yake kwa kawaida hufungwa kwenye bei ya mafuta ghafi. Tuseme mkataba unataja asilimia 12 ya bei ya pipa: pipa likiwa dola 80, gesi itakuwa dola 9.60 kwa BTU milioni moja, na meli yetu itagharimu takriban dola milioni 37. Ili ujue kama hiyo ni nafuu, kumbuka kwamba pipa la mafuta lina joto la takriban BTU milioni 5.8. Gawanya 1 kwa 5.8 utapata asilimia 17.2, na hicho ndicho kiwango ambacho gesi hulingana na mafuta kwa bei ya joto. Mkataba wenye asilimia ndogo kuliko hiyo unauza joto kwa bei ya chini kuliko mafuta.

Angalia vilevile ni bei ya mafuta ya kipindi gani. Mkataba wa kwanza wa Qatar na India ulitumia wastani wa miaka mitano. Mafuta yaliposhuka ghafla mwishoni mwa mwaka 2014, wastani huo mrefu uliendelea kubeba bei za juu za miaka iliyotangulia, na India ikajikuta inatakiwa kulipa takriban dola 12 hadi 13 wakati soko la papo kwa papo, yaani la shehena mojamoja bila mkataba wa miaka mingi, lilikuwa karibu na nusu yake. Ikachukua shehena pungufu kuliko ilivyoahidi, na mwishoni mwa mwaka 2015 pande zote zikaketi na kubadili kanuni ili itumie wastani wa miezi mitatu. Neno dogo katika mkataba liligharimu fedha nyingi sana.

Njia ya pili ni soko hilo la papo kwa papo, ambalo barani Asia hufuatwa kwa kipimo cha JKM, bei ya marejeo ya shehena zinazopelekwa Japani na Korea. Mwezi Aprili 2020, dunia ilipojifungia kwa sababu ya janga la korona, kipimo hicho kilishuka chini ya dola 2. Mwezi Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, kilipanda kupita dola 80. Zidisha kila moja kwa milioni 3.9. Meli ileile, yenye tani zilezile, ilithamaniwa chini ya dola milioni 8 na baadaye zaidi ya dola milioni 300.

Uliza nani ataichoma

Hatua ya mwisho ni kuyatenga mahitaji yanayostahimili bei na yale yanayoikimbia. India imeweka lengo la kuongeza mchango wa gesi katika nishati yake kutoka takriban asilimia 6 hadi asilimia 15 ifikapo mwaka 2030, na huagiza karibu nusu ya gesi inayoitumia. Lakini bei ilipopanda mwaka 2022, uagizaji wake haukuongezeka, ulipungua.

Viwanda vya mbolea ya urea viliendelea kununua, kwa sababu serikali hufidia tofauti ya bei ili mkulima asiumie. Mabasi na bajaji za Delhi, zilizohamishiwa kwenye gesi iliyoshindiliwa kufuatia amri ya Mahakama ya Juu ya mwaka 1998, haziwezi kubadili tangi kila bei inapobadilika. Viwanda vya vigae vya Morbi, jimboni Gujarat, kwa upande mwingine, vilihamia kwenye propani kwa wingi, na mitambo ya umeme ya gesi, ambayo mwaka 2022 kwa jumla ilikuwa na takriban megawati 25,000, hukaa bila kazi sehemu kubwa ya mwaka kwa kuwa makaa ya mawe na jua hutoa umeme wa bei ya chini. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba mahitaji ya nchi fulani yataongezeka maradufu, tafuta ni watumiaji wa kundi lipi wanaohesabiwa, na kwa bei gani.

Jaribu sasa mwenyewe na mradi wa karibu nasi. Mtambo unaoelea wa Coral Sul, nje ya pwani ya Msumbiji, ulipakia shehena yake ya kwanza Novemba 2022, na uwezo wake ni tani milioni 3.4 kwa mwaka. Gawanya kwa 75,000: utapata meli 45, au moja kila baada ya siku nane. Zidisha tani hizo kwa 52, kisha kwa bei tatu tofauti, dola 6, dola 10 na dola 15, uone mapato ya mwaka yanavyopanda kutoka takriban dola bilioni 1.1 hadi 1.8 na 2.7 bila tani moja kuongezeka. Fanya vivyo hivyo kwa uwezo wowote utakaotangazwa kwa ajili ya mradi wa gesi wa Lindi.