SOMO: Kukokotoa kiasi cha maada ya giza kilichobaki (soma hatua ya 4 kabla ya kuuliza)

Swali ni lile lile: "Nimetumia 3×10⁻²⁶, mbona jibu langu halilingani na la makala fulani?" (Hiyo 3×10⁻²⁶, kwa sentimita za ujazo kwa sekunde, ni thamani iliyozoeleka ya σv, kipimo cha jinsi chembe mbili za maada ya giza zinavyoangamizana zikikutana.) Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Hatua ya 1. Chagua uzito wa chembe. Tuseme GeV 100 (GeV ni kipimo cha nishati, hapa tunakitumia kwa uzito na kwa joto pia; MeV ni sehemu yake ya elfu).

Hatua ya 2. Kokotoa kasi ya kuangamizana: msongamano wa chembe mara wastani wa σv.

Hatua ya 3. Tafuta halijoto ambapo kasi hiyo inashuka hadi kulingana na H, kasi ya kutanuka kwa ulimwengu. Mara nyingi ni uzito ugawanywe kwa 20 hadi 25, yaani hapa GeV 4 au 5. Baada ya hapo chembe hazikutani tena, idadi imeganda.

Hatua ya 4. Hapa ndipo wengi huanguka. H yako umeitoa wapi? Ile 3×10⁻²⁶ inachukulia kwamba mnururisho ndio uliotawala, H ikifuata T², na kwamba entropi haikuongezwa na chochote. Hakuna aliyepima hilo. Ushahidi wetu wa zamani zaidi ulio imara ni viini vyepesi vya atomu vilivyoundwa ulimwengu ulipokuwa mchanga, na hivyo vinatufikisha kwenye MeV chache tu. Chembe yako iliganda kwenye joto kubwa kuliko hilo mara elfu hivi. Kama wakati ule nishati ya mwendo ya uga fulani ndiyo iliyotawala, H hufuata T³: ulimwengu unatanuka upesi zaidi, chembe zinaachana mapema, zinabaki nyingi. Kama chembe nyingine nzito ilioza baadaye na kuzidisha entropi mara 10, fungu lako (Y, yaani idadi kwa entropi) linagawanywa kwa 10, na jibu la Hatua ya 5 lililokuwa 1.2 linakuwa 0.12.

TAHADHARI: gawanya Y peke yake. Entropi ya leo, 2,891 kwa sentimita ya ujazo, inatokana na joto la mnururisho lililopimwa. Usiiguse, la sivyo utapunguza mara mbili.

Hatua ya 5. Ωh², yaani kiasi cha maada ya giza leo, = 2.74×10⁸ × uzito (GeV) × Y. Linganisha na 0.12 iliyopimwa na satelaiti ya Planck. Kwa GeV 100, Y iwe kama 4.4×10⁻¹².

MASWALI

Kipanga: Mkuu, nipe jibu tu, GeV 50 inakuwa ngapi?
– Y inayotakiwa ni mara mbili ya hiyo. Utakayoipata wewe siijui, hukutaja σv wala H. Hatua ya 4.

Mshale: Unakuza mambo. Kila mtu anatumia mnururisho.
– Na wanaandika kwamba wameuchukulia hivyo. Wewe hukuandika.

Dada Nyota: Samahani kama ni swali la kijinga. Nikipunguza σv, kiasi kinaongezeka? Nilitegemea kinyume.
– La kijinga liko wapi? Chembe zisipoangamizana vya kutosha, zinabaki nyingi. Ila kuna hali ambayo hisia yako ni sahihi: chembe dhaifu mno isiyofikia msawazo kamwe (yaani kuzaliwa na kuangamizana kwake havilingani). Inaanza karibu na sifuri, inazaliwa kidogo kidogo kutoka kwenye joto, na hapo nguvu ikizidi, kiasi kinazidi. Jaribu kuchora zote mbili kwenye grafu moja.

Dada Nyota: Nimechora, lakini programu inakwama pale Y inapoanza kuachana na msawazo.
– Tatua kwa ln Y badala ya Y. Na kama chembe yako ni ya GeV 3 hivi, usiweke g* moja: inashuka ghafla karibu na MeV 150, kwarki zinapofungwa ndani ya hadroni, na wewe unaganda papo hapo.

Kipanga: g* ni nini?
– Idadi ya aina za chembe zinazobeba joto, kila moja na uzani wake. Kwenye joto la juu kabisa, kwa chembe tunazozijua, ni 106.75. Karibu tena, Kipanga, hilo sasa ni swali.