Namna ya Kuisoma Nyumba Iliyobomolewa kwa Ukuta Uliobaki

Nyumba ya Mji Mkongwe wa Zanzibar ikianguka au ikibomolewa haiondoki yote, kwa sababu mara nyingi ilichangia ukuta na jirani, na ukuta huo hubaki umesimama na alama zake. Nenda asubuhi au alasiri, jua linapoupiga ubavuni, maana hapo hata mashimo yaliyozibwa hutoa vivuli.

Anza na safu za mashimo yaliyoshika boriti za mikoko zilizobeba sakafu na dari. Hizo ndizo zitakazokuonyesha nyumba ilikuwa na ghorofa ngapi. Jambo linalowapita wengi ni kwamba boriti hulazwa kukatiza upana wa chumba, na kwa kuwa urefu wake kwa kawaida hauzidi sana mita 3, ukuta wenye mashimo ndio uliokuwa upande mrefu, na ukipima kiasi hicho kuelekea kiwanjani utakaribia ulipokuwa ukuta wa pili. Itazame ardhi hapo, kwani pengine mstari wa mawe ya matumbawe bado umejitokeza.

Kisha tafuta zidaka, yaani vishimo vya ukutani vya kuwekea vitu, vipande vya lipu ya chokaa, masizi ya jikoni, na mstari unaopanda kimshazari palipokuwa na ngazi. Baraza iliyobaki kando ya njia bila nyumba nyuma yake huonyesha nyumba ilielekea wapi.

Pengine hakuna ukuta wa kusoma. Jumba la Beit al-Hukm, lililosimama kati ya Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu) na kasri ya Sultani, liliharibiwa kwa mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896 wala halikujengwa tena, kwa hiyo alama yake kubwa ni pengo katika safu ya majumba ya ufukweni, nalo hueleweka ukililinganisha na picha zilizopigwa kabla ya mwaka huo.

Nakusihi usichokoe mashimo wala kung'oa lipu: chokaa iliyoachwa wazi hulainika kwa mvua, na nyuma ya ukuta huo kuna watu wanaishi. Omba ruhusa kwa mwenye nyumba, weka futi ukutani, piga picha, kisha andika tarehe, mtaa na kimo cha kila safu, tena mapema, kwa kuwa lipu ya saruji ikishapakwa hakuna kitakachoonekana.