Kununua kamera ya kwanza ya video, ya mtumba, Bagamoyo

Anza na sauti kabla ya picha. Kwa kazi za harusi, tafuta yenye soketi mbili za XLR (tundu za duara za pini tatu za kuchomekea maikrofoni za kitaalamu). Bila hizo utarekodi sauti pembeni, na kuioanisha na picha baadaye ni kukesha. Kisha vichujio vya ND vya ndani, yaani vioo vya kijivu vya kupunguza mwanga. Ufukweni saa saba mchana, bila ND utabana tundu la lenzi hadi f/16 (tundu dogo sana) na picha itapoteza ukali. 4K, yaani picha zenye nukta nyingi zaidi, inaweza kusubiri.

Hewa ya chumvi na unyevu ndiyo adui. Fungua tundu lote, mulika lenzi kwa tochi kutoka upande: ukiona nyuzi kama utando wa buibui, huo ni ukungu wa kuvu. Kamera hiyo iache, hata ukipunguziwa bei. Rekodi dakika kumi huku umevaa hedifoni, tikisa waya kwenye soketi. Mikwaruzo ni dalili ya kutu.

Kagua menyu pia. Umeme wetu ni hezi 50, hivyo unahitaji fremu (picha) 25 kwa sekunde na shata, muda wa kila fremu kupokea mwanga, ya sekunde 1/50. Kamera yenye fremu 30 na 60 pekee, kwa shata 1/60, taa za tyubu ukumbini zitapepesa.

Bakiza hela ya betri mbili. Kadi ya GB 64, ukirekodi kwa Mbps 50 (megabiti 50 kwa sekunde), hubeba saa mbili na nusu hivi.