Kabla ya kuhamia simu ya faragha, panga nani atabisha hodi

Kazi ya kwanza ya kuhamia simu ya faragha, ile yenye mfumo unaomzuia Google asikufuate, hufanyika kwenye karatasi. Keti siku nzima na simu yako ya zamani, na kila inapolia andika ni nani aliyeita na kama ulihitaji kujua saa ile ile. Mimi nilifanya hivyo Jumanne moja nyumbani Katuba, hapa Lubumbashi. Ilipofika saa nane mchana karatasi ilikuwa imejaa pande zote mbili, nikaacha. Walioniita kwa jambo la maana walikuwa wanne: mama, yaya wangu (dada yangu mkubwa), mteja mmoja, na ujumbe wa pesa. Waliobaki ni kundi la ukoo, kundi la likelemba (mchango wa kupokezana), kundi la tuliosoma pamoja, mchezo ambao mdogo wangu aliupakua bila kuniambia, na programu ya duka inayonitangazia punguzo la vitu visivyofika Congo hata ukilipa mara mbili.

Karatasi hiyo itakusaidia kuliko mpangilio wowote, kwa sababu simu mpya itakuuliza maswali mengi siku ya kwanza na utakuwa umechoka. Tangu Android 13 ya mwaka 2022, programu haiwezi kukutumia arifa kabla ya kukuomba ruhusa. Jambo zuri. Lakini wengi wetu tunabonyeza "Ruhusu" kama mtu anayefukuza nzi. Ukiwa na karatasi mkononi, jibu unalo tayari: wanne hao ndiyo, wengine hapana, na kama kuna aliyesahauliwa atajulikana baada ya wiki.

Sasa simu yenyewe. Mfumo unaotajwa sana na watu wa faragha ni GrapheneOS, na simu yake ni Pixel ya Google. Ndiyo, unanunua simu ya Google ili Google asikufuate. Nimechekwa vya kutosha kwa hilo. Sababu ni kwamba Pixel inakuruhusu kuweka mfumo mwingine na kisha kuufunga tena mlango wa kuwashia (bootloader) kwa ufunguo wa mfumo huo, na masasisho yake ya usalama ni ya muda mrefu: miaka 7 kuanzia Pixel 8, miaka 5 kwa Pixel 6 na 7. Miaka hiyo huhesabiwa tangu simu ilipoanza kuuzwa duniani. Siku uliyoinunua wewe mjini haihesabiki. Kwa simu zisizo Pixel kuna mifumo kama LineageOS na /e/OS, ambayo haina ulinzi ule ule lakini inakupunguzia macho yanayokufuatilia.

Pixel nyingi zinazofika Lubumbashi ni za mitumba, na hapa ndipo watu hupoteza pesa. Zile zilizouzwa kwanza na baadhi ya kampuni za simu za Marekani hazikubali kufunguliwa mlango huo hata ufanye nini. Kabla ya kutoa dola yako, mwambie muuzaji awashe intaneti. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, bonyeza nambari ya muundo mara saba, kisha tafuta katika chaguo za wasanidi swichi ya kufungua kwa OEM (OEM unlocking), ndiyo inayoruhusu mlango huo ufunguliwe. Ikiwa imefifia na haiguswi, mrudishie simu yake kwa adabu. Akikuambia "itafunguka tu nyumbani, papa", mrudishie bila adabu. Kumbuka pia kwamba kufungua huko kunafuta kila kitu kilichomo, na kwamba nakala ya mazungumzo ya WhatsApp iliyowekwa kwenye akaunti ya Google haitakufuata kwenye simu isiyo na huduma za Google. Hamisha mazungumzo na picha mapema, wakati simu zote mbili bado zinawaka.

Nije kwenye kosa langu, maana ndilo lililonifanya niandike. Wiki ya kwanza ya simu mpya, yaya alitoka Likasi na basi la jioni akiwa na unga wa mahindi mifuko miwili. Akaniandikia WhatsApp kwamba ameshuka Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, nije nimsaidie. Simu ilikuwa mfukoni, mtandao upo, betri imejaa, kimya. Nilipofungua programu mwenyewe baada ya saa nzima, ujumbe nane ulishuka kwa mkupuo, na wa mwisho ulikuwa herufi kubwa tupu. Alipofika nyumbani aliniuliza ni simu ya namna gani hiyo inayomficha mtu hata na dada yake.

Hakukuwa na kitu kilichoharibika. Kwenye simu ya kawaida ya Android, programu nyingi hazikai macho zikisubiri ujumbe. Huduma za Google ndizo zinazoshika uzi mmoja, yaani muunganisho ulio wazi muda wote, na seva za Google, na ujumbe ukija, Google anaziamsha. Ukiondoa huduma hizo, umemwondoa mbisha hodi. Programu fulani zina njia yao: Signal, isipozikuta huduma za Google, hushika uzi wake yenyewe. Nyingine hulala mpaka uzifungue kwa mkono.

Na uzi huo wa Google una historia. Desemba 2023, seneta wa Marekani Ron Wyden alieleza hadharani kwamba serikali zilikuwa zikiziomba Google na Apple kumbukumbu za arifa zinazopita kwenye seva zao. Kumbukumbu za aina hiyo huonyesha programu gani iliita simu gani, na saa ngapi. Ikiwa programu haifichi maandishi, huenda na maneno yakaonekana. Signal hutuma mwito mtupu usio na neno ndani, kisha simu yenyewe inakwenda kuchukua ujumbe. Kwa hiyo unapopanga, swali si "je, ninamkataa Google?" peke yake. Jiulize pia ni nini kimeandikwa ndani ya bahasha anayoibeba.

Una njia tatu. Ya kwanza ni kuweka huduma za Google ndani ya GrapheneOS kama programu ya kawaida, iliyofungiwa, isiyo na mamlaka yoyote juu ya simu, ambayo nayo inaomba ruhusa kama wengine. Ya pili ni kuziacha kabisa na kukubali kila programu ishike uzi wake. Ya tatu ni UnifiedPush, ambapo programu moja kama ntfy inashika uzi mmoja kwa niaba ya zile zinazoielewa, lakini hizo bado ni chache na WhatsApp si mojawapo. Njia ya pili ni safi, ila ina gharama tunayoijua huku: kila uzi unakula betri na mega (bando la intaneti), na SNEL, shirika letu la umeme, ikikata umeme asubuhi hujui utarudi saa ngapi. Kwa mtu mwenye familia yote kwenye WhatsApp, mimi nasema weka Google aliyefungiwa na usione aibu. Faragha inayokufanya umwache dada yako kituoni utaitupa ndani ya mwezi.

Ukichagua njia hiyo, kuna hatua moja inayosahaulika. Huduma za Google lazima ziruhusiwe kutumia betri bila kizuizi, na WhatsApp pia, la sivyo mfumo utazilaza na utalaumu mtandao bure. Zipe programu za wale wanne wa karatasi ruhusa hiyo, si zaidi. Kisha jaribu kabla hujaiamini: iache simu mezani skrini imezimika kwa saa nzima, ikiwa kwenye mega badala ya Wi-Fi, halafu mtu akuandikie. Fanya mara tatu kwa siku tofauti. Kwa usiku, weka hali ya Usinisumbue, ruhusu majina machache, na washa kipengele kinachompitisha anayepiga mara ya pili ndani ya dakika 15. Mama yangu sasa anajua: jambo likiwa zito, piga mara mbili.

Niseme sasa ninaloliona kubwa kuliko maikrofoni na kamera ambazo watu huziogopa sana. Ni skrini iliyofungwa. Simama kwenye kabini yoyote, kibanda cha kutuma na kupokea pesa kwa simu, pale karibu na soko la Mzee Kabila, chini ya mwavuli, watu sita wamebanana. Umepokea pesa, simu yako iko juu ya meza ya yule mama, inawaka: umepokea kiasi fulani cha dola kutoka kwa fulani, salio lako jipya ni hili. Hakuna mdukuzi aliyehitajika. Aliye nyuma yako amesoma jina la aliyekutumia, kiasi, na akiba yako yote, kabla wewe hujasoma.

Kwa hiyo kabla simu haijatoka nyumbani, ingia kwenye mipangilio ya arifa na uchague kuficha maudhui nyeti simu ikiwa imefungwa. Utaona kwamba ujumbe umekuja, hutaona umesema nini mpaka uifungue. Halafu ingia programu moja moja. Programu ya ujumbe mfupi ndiyo ya kwanza, kwa kuwa pesa na nambari za siri za kuingilia akaunti zote hupita humo. Zipo programu ambazo hazistahili kuonekana hata jina lake pale: ya afya, ya benki, ya mambo ya moyo. Hizo ziondoe kabisa kwenye skrini ya kufunga. Tangu Android 8 ya mwaka 2017, kila programu inaweza kugawa arifa zake katika mafungu, kwa hiyo si lazima uzime yote. Unaweza kuacha ujumbe wa watu ulie na kulinyamazisha fungu la matangazo. Usisahau kile kikaratasi kinachojitokeza juu simu ikiwa wazi. Unampa shemeji aone picha za harusi, na juu yake inashuka habari ya deni lako. Kizime kwa makundi na kwa pesa.

Kisha tafuta mahali panapoitwa ufikiaji wa arifa. Programu iliyopewa ruhusa hiyo inasoma arifa za programu nyingine zote. Ni ruhusa halali kwa saa ya mkononi au kwa programu ya gari, lakini ukiiona imewashwa kwa tochi, kwa mchezo, au kwa programu ya kukopa pesa, umempa mgeni ufunguo wa sanduku la barua. Orodha ile, pamoja na ya zana za ufikivu (zile za kuwasaidia wenye ulemavu, ambazo nazo husoma skrini), iwe tupu unapoanza. Na kama umewasha historia ya arifa, jua kwamba anayeishika simu yako ikiwa wazi anaweza kusoma hata ulizofuta leo.

Ruhusa nyingine nitazipitia haraka, kwa kuwa mfumo wenyewe unakusaidia. Mahali: wakati wa kutumia tu, na pa kukadiria panatosha isipokuwa kwa ramani. Kamera na maikrofoni: uulizwe kila mara. GrapheneOS inaongeza mbili ambazo Android ya kawaida haikupi, mtandao na vitambuzi. Kikokotoo, kibodi na Biblia iliyokwisha kupakuliwa havina safari yoyote kwenye intaneti, vinyime. Programu ing'ang'aniapo kuona anwani zako zote au picha zako zote, unaweza kuiwekea mipaka: inaamini imepewa ruhusa, kumbe inaona watu watano uliowachagua. WhatsApp yangu inawajua kumi na wawili.

Pesa ndizo zinazohitaji tahadhari ya mwisho kabla ya kuhama. Menyu za M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zinazofunguka kwa nyota na reli hazihitaji programu wala Google, zitafanya kazi siku ile ile. Programu za benki ni hadithi nyingine, baadhi hukataa mfumo usiothibitishwa na Google. Ijaribu yako mapema, na usiuze simu ya zamani kwa mwezi mzima.

Jua pia kwamba GrapheneOS hujiwasha upya yenyewe ikikaa saa 18 bila kufunguliwa. Baada ya hapo, mpaka uingize nenosiri, simu italia mtu akipiga lakini bila kuonyesha jina lake, na WhatsApp haitaleta kitu. Ukiwa na mgonjwa mbali au ukiwa mtu wa kusahau simu nyumbani, rekebisha muda huo kwenye mipangilio.

Mwezi ukiisha, rudia ile karatasi. Yangu ya mara ya pili ilikuwa na wanaoita sita. Watano niliwatarajia. Wa sita ni mchezo wa mdogo wangu, aliyenichungulia nikiandika nenosiri. Nimembadilishia nenosiri, na nimemfungulia wasifu wake wa mgeni, sehemu yake peke yake ndani ya simu, ambamo mchezo unaweza kulia kadiri unavyotaka.